Injini ya Nitro Iliyochongwa na Fundi: Tathmini ya Kazi Kuanzia Krenki Hadi Plagi

Huduma ninayoitathmini hapa ni ile ya kumpelekea fundi bingwa injini mpya ya nitro (inayotumia mafuta ya methanoli yenye nitromethani) ya gari la rimoti, aifungue, aichonge ndani, kisha airudishe ikiwa tayari kwa mashindano. Injini yenyewe ina ujazo wa sentimita za ujazo 3.5, ambao kwa inchi za ujazo ni 0.21, na ndiyo maana wachezaji huiita ishirini na moja. Ilitoka kiwandani ikiwa na pistoni ya alumini isiyo na ringi, slivu (ukuta wa silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka) ya shaba ya manjano iliyopakwa kromu kwa ndani, krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) yenye tundu katikati, na kabureta yenye vipete vya kubadilisha, yaani pete zinazobana njia ya hewa. Nilikuwa na nyingine ya toleo lilelile ambayo haikuguswa na tupa, na zote mbili zilifungwa kwa zamu kwenye gari moja la kipimo cha 1:8 la njia ya vumbi, kwa ekzosi ileile, mafuta yaleyale na matairi ya aina moja. Pasipo injini ya pili ya kulinganishia, tathmini ya namna hii haina msingi, kwa sababu mlio wa injini iliyochongwa hubadilika hata pale ambapo nguvu haikuongezeka.

Fundi simtaji, kwa kuwa karibu kila anayetoa huduma hii hutoa orodha ileile ya kazi: kuchonga krenki, kurekebisha madirisha ya slivu (matundu ya kuingiza mchanganyiko wa hewa na mafuta na ya kutoa moshi), kupanga nafasi ya kichwa cha silinda, kuziba mianya ya hewa, na kuchagua kipete cha kabureta. Hukumu yangu naitanguliza. Kazi ya krenki na kazi ya kuziba mianya ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote. Kazi ya slivu ina thamani pale tu inapofanywa kwa kiasi. Na kazi ya kichwa ilirudi ikiwa haikuzingatia mafuta niliyomtajia fundi kwa maandishi. Anayeitaka huduma hii ili gari lake lishinde mengine kwenye sehemu ndefu iliyonyooka atasikitika. Anayeitaka ili injini ivute vizuri inapotoka kwenye kona, itulie kwenye sailensa, yaani inapozunguka polepole bila kubonyezwa, na ipunguze kula mafuta, atapata alichokifuata.

Krenki ndiyo sehemu niliyoikagua kwa muda mrefu zaidi, na inastahili. Katika injini hizi, krenki haipokei nguvu ya pistoni tu, bali pia ndiyo njia ya hewa na mafuta. Mchanganyiko hutoka kwenye kabureta, huingia kupitia dirisha lililokatwa ubavuni mwa krenki, hupinda kwa karibu nyuzi 90, hupita kwenye tundu la katikati na kumwagika ndani ya kesi (gamba la injini) chini ya pistoni, ambako husubiri kusukumwa juu. Injini ikizunguka mara 30,000 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 500 kwa sekunde, na kila mzunguko huchukua milisekunde 2. Dirisha la krenki huwa wazi kwa nusu ya muda huo au zaidi kidogo. Katika muda mfupi namna hiyo, kila kona kali iliyomo njiani hupunguza kiasi cha mchanganyiko kinachofika, na ndiyo sababu chuma kidogo kinachoondolewa mahali panapofaa huleta tofauti ambayo dereva anaihisi kwenye kidole.

Nilipoitoa krenki iliyochongwa na kuilaza kando ya ile isiyoguswa, tofauti ilionekana bila kioo cha kukuzia. Kwenye ile ya kiwandani, ukingo wa dirisha umekatwa wima na mistari ya mashine bado inaonekana. Kwenye iliyochongwa, ukingo ule ambao mchanganyiko unaugeukia ulikuwa umelazwa na kuviringishwa kiasi kwamba ukucha ukipitishwa haukwami popote. Mbele ya dirisha, ndani ya ule uwazi usio na kazi ambamo mchanganyiko hugonga ukuta na kuzunguka bure, fundi alijaza epoksi inayostahimili joto na mafuta, akaichonga kuwa mteremko unaoelekeza hewa nyuma, kuelekea kwenye kesi. Mwishoni mwa tundu la katikati, pale linapofungukia kwenye kesi, mdomo ulipanuliwa taratibu, na kingo za uzani wa kusawazisha zilinolewa ili zikate hewa badala ya kuipiga. Mjazo ule niliukagua kwa sindano na kwa mwanga wa kurunzi: haukuwa na tundu, haukuwa na mshono uliobanduka, na ulikuwa umeshikamana na chuma kilichokwaruzwa kwanza ili gundi ipate pa kushika. Hili la kukwaruza lisipofanyika ni hatari ya kweli, kwa kuwa kipande cha epoksi kikibanduka hakina njia nyingine ila kupita kwenye kesi, kupanda na mchanganyiko na kuingia kati ya pistoni na slivu.

Fundi hakupanua tundu la katikati, na nampongeza kwa uamuzi huo. Wako mafundi wanaolipanua kwa sababu tundu kubwa hupitisha hewa nyingi zaidi, na kwa kipimo hicho peke yake hawakosei. Hata hivyo, nguvu yote inayokwenda kwenye gurudumu-tegemeo na klachi hupita kwenye chuma kilichobaki kuzunguka dirisha, na hapo ndipo krenki iliyokondeshwa hukatika. Ikikatika injini ikiwa kwenye mizunguko ya juu, kinachookolewa baada ya hapo ni kidogo sana, kwa sababu kesi, konrodi, pistoni na slivu huharibika pamoja.

Jambo lingine ambalo mnunuzi anapaswa kulipima ni wakati wa dirisha hilo kufunga. Nilifunga duara la nyuzi (diski yenye alama za nyuzi 360) kwenye krenki zote mbili na kusoma. Upande wa kufunga ulikuwa umesogezwa kidogo mno, na upande wa kufungua haukuguswa. Kuchelewesha kufunga huipa injini pumzi inapozunguka kwa kasi kubwa, kwa sababu mchanganyiko wenye kasi huendelea kuingia hata pistoni inapoanza kushuka. Mizunguko ikiwa chini, kasi hiyo haipo, na pistoni inayoshuka husukuma mchanganyiko urudi kwenye kabureta. Dalili yake ni chujio la hewa linalolowa mafuta wakati injini iko kwenye sailensa. Chujio la injini hii lilibaki kavu, na hilo lilinithibitishia kwamba fundi alielewa gari hili linakimbia wapi.

Kwenye slivu nilikuwa na mashaka zaidi, kwa kuwa ndipo fundi asiye na subira anapoharibu injini nzuri. Mpangilio wa madirisha unaotumika leo unatokana na wazo la Adolf Schnürle, mhandisi wa Ujerumani, la miaka ya 1920: madirisha ya kupitisha mchanganyiko huelekezwa mbali na dirisha la moshi, ili mchanganyiko mpya upande juu kwanza, uzunguke, na kuusukuma moshi utoke bila kutoroka nao. Pembe za madirisha hayo ndizo siri ya injini yote. Fundi akizibadilisha kwa kukisia tu, mafuta mabichi hutokea kwenye ekzosi, na mwenye gari huhesabu kwamba injini yake ina nguvu kwa kuwa tangi linaisha haraka.

Hesabu ya wakati wa madirisha haina ugumu, na kila mteja aijue kabla ya kukubali chochote. Tuchukue injini ambayo dirisha lake la moshi hukaa wazi kwa nyuzi 174 za mzunguko wa krenki na madirisha ya mchanganyiko kwa nyuzi 124. Tofauti ni nyuzi 50, na nusu yake, yaani nyuzi 25, ndiyo nafasi ambayo moshi hupata kutoka kabla ya mchanganyiko mpya kuanza kuingia. Kwa mizunguko 30,000 kwa dakika, nyuzi 25 ni takriban milisekunde 0.14. Sasa, kwa injini ya ukubwa huu, kukata milimita 0.2 tu kwenye ukingo wa juu wa dirisha la moshi huongeza karibu nyuzi 3 kwenye muda wake wote. Unene huo hauzidi karatasi mbili za ofisini zilizobandikwa pamoja, na hakuna grenda ya mkononi inayosamehe mkono uliotetemeka kwa kiasi hicho. Chuma kilichokatwa hakirudi.

Fundi alinipa chaguo la mtindo wa kasi, ambamo dirisha la moshi hupandishwa, na mtindo wa kuvuta, ambamo halipandishwi. Nilichagua wa pili. Alichokifanya ni kulipanua dirisha la moshi kwa upana, kidogo kila upande, ili moshi upate eneo zaidi bila wakati kubadilika, kisha akalainisha kingo. Alisawazisha pia njia zilizomo kwenye kesi ili zikutane sawasawa na madirisha ya slivu. Kwenye kesi isiyoguswa kuna ngazi ndogo iliyobaki kutoka kwenye kalibu, na kwenye iliyochongwa ngazi hiyo haipo. Kingo zote nilizikagua kwa kioo cha kukuzia. Kromu ni ngumu na ina tabia ya kubanduka vipande vidogo pale jiwe la grenda linapoingilia kutoka upande wa nje na kuisukuma ndani ya silinda, kwa hiyo fundi mzuri hutumia jiwe la almasi na huhakikisha linakata kutoka kwenye kromu kuelekea kwenye shaba. Sikuona mahali hata pamoja palipomeguka. Kazi hiyo ni safi, na mtu aliyeifanya anajua thamani ya subira.

Mtindo wa kasi nimeuona kwa karibu kwenye injini ya mchezaji mwenzangu, iliyochongwa katika karakana nyingine. Kwenye sehemu ndefu gari lake lilikuwa linaondoka. Kwenye kila kona lilibaki nyuma, kwa sababu klachi ilishika wakati injini bado inatafuta pumzi, na dereva alilazimika kuibonyeza mapema kuliko gari linavyoweza kushika ardhi. Kwa magari ya barabara laini, ambayo hukimbia muda mwingi mizunguko ikiwa juu, mtindo huo una nafasi yake. Kwenye vumbi, miruko na kona za kubana, siupendekezi kwa mtu yeyote.

Sasa nifike kwenye kichwa, ambapo huduma hii iliniangusha. Nitromethani hubeba oksijeni yake ndani yake. Kiasi cha hewa kinachohitajika kuichoma kwa uzito ni takriban 1.7 kwa 1, wakati methanoli huhitaji takriban 6.4 kwa 1, na hivyo kadiri asilimia ya nitromethani inavyopanda, ndivyo mafuta mengi zaidi yanavyoweza kuchomwa kwa pumzi ileile, na ndivyo mgandamizo unavyopaswa kushushwa ili mchanganyiko usiwake kabla ya wakati wake. Mgandamizo hushushwa kwa kuongeza washa (pete bapa ya chuma) nyembamba chini ya kichwa. Washa ya milimita 0.1 huongeza takriban sentimita za ujazo 0.02 kwenye chumba cha kuwakia, ambacho chenyewe ni kidogo sana, na kwa sababu hiyo washa moja inatosha kugeuza tabia ya injini nzima. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Februari 2021, mtu asiye na leseni haruhusiwi kununua mafuta yenye nitromethani inayozidi asilimia 16 kwa uzito, na mafundi wengi wamezoea sasa kupanga vichwa kwa ajili ya mafuta hayo mepesi. Mimi nilimwandikia fundi kwamba natumia asilimia 25.

Baada ya kuizoesha injini, yaani kuizungusha kwa upole mwanzoni ili sehemu zake zizoeane, na kuanza kuikimbiza, mlio ulikuwa mkali wa kukwaruza kwenye mizunguko ya juu, na sikuridhika nao ingawa joto la kichwa lilikuwa ndani ya kiwango. Nilifungua plagi. Waya wa platinamu uliokuwa umejiviringisha vizuri ulikuwa umebonyezwa upande mmoja, na juu yake kulikuwa na chembechembe ndogo za kijivu zinazong'aa. Waya uliopindwa namna hiyo ni dalili ya mgandamizo uliozidi, na chembechembe zile ni alumini iliyoanza kuliwa. Nilichukua uzi mwembamba wa lehemu, nikaupinda, nikaupitisha kwenye tundu la plagi hadi ukagusa ukuta wa silinda, kisha nikaizungusha krenki polepole kwa mkono ili pistoni iukandamize inapofika juu kabisa. Unene wa uzi uliobonyezwa, nilioupima kwa maikromita, ulikuwa mdogo kuliko wa injini isiyoguswa, wakati kwa mafuta niliyotaja haukuwa na sababu ya kupungua hata kidogo. Niliongeza washa ya milimita 0.1 na kuweka plagi ya baridi zaidi. Mlio ukalainika, plagi zilizofuata zikatoka na waya usiobonyezwa, na nguvu haikupungua popote.

Nililiandikia lile karakana, na jibu lilikuja haraka likiwa na washa za ziada ndani ya bahasha. Naliheshimu jibu hilo. Hata hivyo, mteja asiyejua kusoma plagi angeendelea kukimbia na kuipoteza pistoni, na fundi anayepokea injini pamoja na maelezo ya mafuta ana wajibu wa kuyasoma.

Kuziba mianya hakuna mvuto wa kusimulia, lakini matokeo yake nimeyapenda kuliko yote baada ya krenki. Hewa ikipenya kwenye shingo ya kabureta au kwenye kifuniko cha nyuma, mchanganyiko unakonda bila dereva kugusa skurubu yoyote, na injini hukataa kushuka kwenye sailensa mara dereva anapoachia. Injini isiyoguswa ilikuwa na tabia hiyo kidogo. Iliyochongwa hushuka mara moja na kubaki palepale. Fundi alitumia silikoni ya kustahimili joto kwa utando mwembamba, bila matone yaliyojitokeza ndani. Kazi hii mtu yeyote mwenye bisibisi nzuri na mikono safi anaweza kuifanya nyumbani, na ningemshauri aifanye hata kama hatapeleka injini kwa fundi maisha yake yote.

Karakana lilitoa pia huduma ya kuizoesha injini kabla ya kuirudisha, nami niliikataa. Slivu za aina hii zimebanwa juu, ili shaba ikipata joto na kutanuka kuliko pistoni, ukuta ukae sawa na pistoni ipite bila kusuguliwa. Injini ikiwa baridi, pistoni hukwama juu, na kila mzunguko hulazimisha konrodi kupita mahali pasipopitika. Kwa hiyo naipasha moto kichwa hadi nyuzi 70 za Selsiasi au zaidi kabla ya kuiwasha, naikimbiza kwa mafuta mengi kidogo huku joto likikaribia nyuzi 90 hadi 100, naizima, na kuiacha ipoe pistoni ikiwa chini kabisa ili slivu inaponywea isiibane. Mwenye injini anaijua plagi yake, ekzosi yake na mafuta yake. Fundi anayeizoesha mezani kwake anaizoesha kwa vitu vyake. Kabla ya hayo yote niliiosha injini ndani kwa mafuta mepesi, na sishauri mtu aiamini injini iliyotoka kwenye grenda bila kuiosha mwenyewe. Wanaoanza wakumbuke pia kwamba methanoli ni sumu, na moto wake hauonekani vizuri mchana, hivyo kumwagika kidogo karibu na ekzosi ya moto si jambo la kupuuza.

Kwenye njia, tofauti ilionekana zaidi pale gari linapotoka kwenye kona ya taratibu na kulazimika kuruka mara moja. Injini isiyoguswa huhitaji dereva aibonyeze kabla, kisha nguvu huja kwa ghafla na gurudumu la nyuma huteleza. Iliyochongwa huja polepole kwa mstari mmoja kuanzia chini, kiasi kwamba kidole huamua urefu wa mruko. Kwenye sehemu ndefu, injini zote mbili zilikuwa karibu sawa. Sikuona tofauti ya kujivunia, na sikuwa nimeitarajia. Anayesema kwamba kuchonga krenki kumemwongezea mwendo mkubwa wa juu aangalie kwanza kama hakubadilisha ekzosi siku hiyohiyo, kwa sababu urefu wa ekzosi ndio unaoamua wimbi la shinikizo lirudi injini ikiwa kwenye mizunguko gani, na mabadiliko ya milimita chache kwenye shingo yake huhisiwa waziwazi.

Kuhusu mafuta, magari ya aina hii kwenye mashindano hubeba tangi lisilozidi sentimita za ujazo 125. Fainali ya mashindano ya dunia ya IFMAR, shirikisho la kimataifa la mbio za magari ya modeli, ya magari ya 1:8 ya vumbi huchukua dakika 60. Gari linalojaza kila baada ya dakika 8 husimama mara 7 katika muda huo. Linaloweza kufika dakika 9 husimama mara 6, na kusimama mara moja kasoro kunaweza kuamua nafasi jukwaani. Injini iliyochongwa ilikaa muda mrefu zaidi kwa tangi moja, na fundi alilitaja hilo kuwa tunda la krenki. Ili kulithibitisha, nilitoa kipete chembamba alichokuwa ameweka kwenye kabureta na kukifunga kwenye injini isiyoguswa, na sehemu kubwa ya akiba ile ikahamia huko. Kilichobaki ni cha krenki na slivu, nacho si kidogo, ila nacho hakiji mpaka skurubu za mafuta zipangwe upya kwa utulivu. Asiyetaka kuchonga chochote aanze na kipete.

Kwa upande wa uimara, nimeifungua injini hii tena baada ya lita kadhaa za mafuta. Mjazo wa epoksi uko palepale, na rangi yake imegeuka kahawia kutokana na mafuta ya nyonyo yaliyoungua. Beringi ya nyuma haina kutu, ingawa hilo linatokana zaidi na mafuta ya kuhifadhia ninayoyatia kila nikimaliza kukimbiza, kwa sababu mabaki ya nitromethani iliyoungua huwa na asidi inayokula chuma usiku kucha. Konrodi ilikuwa imeanza kulegea kwa chini na niliibadilisha, kama ambavyo ningeibadilisha kwenye injini yoyote ya mashindano.

Kwa anayeanza mchezo huu, simshauri kabisa apeleke injini kuchongwa. Skurubu zikiwa hazijapangwa sawasawa, injini iliyochongwa huharibika upesi sawa na isiyochongwa, na dhamana ya kiwanda kwa kawaida hufa siku fundi anapoweka grenda. Viwanda navyo vimesogea: O.S. ya Japani, kwa mfano, huuza matoleo ya mashindano kwa jina la O.S. Speed, na mtu anayenunua toleo la namna hiyo apime kwa makini kama kuna kitu kilichobaki cha kumlipa fundi. Huduma hii inamfaa mtu mwenye injini ya kati, aliyekwisha kuijua, anayeweza kueleza ni wapi kwenye njia anaihisi imechoka.

Kabla ya kutuma, mdai fundi karatasi ya vipimo: nyuzi za dirisha la moshi, za madirisha ya mchanganyiko na za krenki, kabla na baada, pamoja na nafasi ya kichwa kwa mafuta uliyoyataja. Niliyemtumia alinipa nyuzi zote, nami nilizihakiki na kuzikuta ni za kweli. Nafasi ya kichwa hakuiandika, na ndipo palipokuwa na kasoro. Fundi anayesema vipimo ni siri yake ananyima kitu ambacho duara la nyuzi na dakika chache mezani vitakifichua hata hivyo.

Yapo pia maisha ya vipuri. Pistoni na slivu huuzwa kwa jozi, na mbano wa juu ukiisha hubadilishwa kwa jozi mpya kutoka kiwandani, ambayo haijachongwa. Fedha iliyoingia kwenye slivu inaondoka nayo, wakati krenki, ikitunzwa, huendelea kutumika na jozi nyingine baada ya hiyo. Fundi huyu anakubali kupokea krenki peke yake bila injini, na kwa mchezaji wa vumbi anayetaka kulipia kazi moja tu, hiyo ndiyo ya kuagiza.